Spika za Meneja

Gari la mashuka liliingia mtaani Jumamosi, mchana kweupe, saa ambayo kila mtu yuko mlangoni kwake. Mwenye mzigo ndiye aliyetaka lije saa hiyo. Alisimama katikati ya barabara akilielekeza kwa mikono miwili kama askari wa trafiki, rudi, rudi, kata kushoto, na uso wake ulikuwa uso wa bwana harusi.

Mtaani na kazini walimwita Mjumbe. Alikuwa mpiga pasi katika kile kiwanda kikubwa cha kufulia mashuka ya mahoteli na mahospitali, na wenzake walimchagua awasemee kwa meneja. Tusimnyime haki yake: aliwasemea. Glavu za chumba cha pasi alizipigania yeye. Maji baridi ya kunywa ni yeye, baada ya kubishana mpaka sauti ikamkauka. Watu walisema Mjumbe akishika jambo ni kama kupe.

"Polepole, bwana!" alimfokea dereva. "Hilo si gunia la sabuni!"

Walizishusha spika mbili, kubwa, kila moja kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, zimefungwa kwa mashuka makuukuu ya hoteli zisichubuke. Mkewe, fundi cherehani, alitoka na utepe wa kupimia shingoni.

"Mbona gari la kazini?"

"Lilikuwa linapita huku huku."

"Linapita kwenda wapi? Hoteli gani iko mtaa huu?"

Dereva akacheka, akafunga mlango wa nyuma. "Mimi usinitie, shemeji. Meneja kasema peleka, nami napeleka."

"Meneja?"

"Zilikuwa zake," Mjumbe alidakia, na hapo akapandisha sauti, maana majirani walikuwa wameshasogea. "Sasa ni zangu. Kanunua mpya, hizi anaziuza. Nimemkaba, mama watoto! Ametaja bei yake, nikacheka. Nikashika kitasa kama ninayeondoka. Akaniita. Nikamwambia, mpira wa besi umepasuka, kitambaa kimechanika, nani mwenye akili atachukua? Akashika kichwa. Nikataja yangu. Akasema, aa, wewe mtu mbaya, chukua, chukua, usinimalize!"

Majirani wakacheka. Mmoja akampiga bega. Na yeye akacheka kuliko wote, mtu aliyekuwa akiusukuma ukuta ule ule mwaka nenda mwaka rudi, na siku hiyo ukuta ukasogea, akadhani ni nguvu zake.

* * *

Chumba chao cha mbele kilikuwa na kazi nyingi. Asubuhi kilikuwa karakana ya mkewe, mchana sebule, na jioni chumba cha kulala cha mdogo wa mkewe, aliyefanya kazi kiwanda kile kile, kwenye rola ya kupigia mashuka pasi. Spika zilipoingia, kazi zote zile zikaambiwa zisogee.

"Haziegemezwi ukutani," Mjumbe alieleza huku amepiga magoti. "Ukiziegemeza, besi inavimba kama mtu mwenye mafua. Nipe huo utepe wako."

"Nina nguo ya mtu hapa."

"Dakika moja tu."

Alipima kutoka spika ya kushoto hadi kiti, akapima kutoka ya kulia hadi kiti, akasogeza kiti, akapima tena. Cherehani ikahamishiwa kwenye ujia, mahali ambapo kila anayekwenda chooni alipaswa kumwomba fundi avute goti. Godoro la shemeji likasimamishwa nyuma ya mlango. Watoto walitumwa matofali manne. Akayafunga magazeti, akazipandisha spika juu yake. Mpira uliopasuka pembeni mwa besi aliupaka gundi kwa kidole, taratibu, akiupuliza kama anayepuliza jicho la mtoto. Akamenya nyaya kwa meno, akazifunga nyuma ya ile amplifaya aliyokuwa ameitunza kabatini miaka mingi bila kitu cha kuichomekea.

Muziki wa kwanza ulitoka mwembamba, umekonda, kama unatoka kisimani.

"Ndiyo hivi?" mkewe akauliza kutoka kwenye ujia.

"Ngoja. Ngoja kwanza." Alizunguka nyuma, akatazama, akajipiga paji la uso. "Nyekundu nimeitia kwenye nyeusi! Moja inasukuma, nyingine inavuta!"

Akageuza waya mmoja. Na hapo, jamani, besi ikaingia chumbani kwa miguu yake. Ilikuwa kanda ya zamani ya dansi, aliyoisikiliza tangu ujana kwenye redio ya mkono, na alikuwa akiapa kwamba anaijua. Kumbe nyuma ya waimbaji na nyuma ya magitaa alikuwepo mtu wa besi, anatembea zake, hana haraka, na wengine wote wanamfuata. Mjumbe alikaa kitini. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Alikuwapo siku zote," alisema. "Huyu mtu alikuwapo siku zote, nami sikumsikia."

Watoto walicheza mpaka wakaanguka. Mkewe aliacha nguo ya mtu mashineni, akaja na utepe wake, akacheza kidogo mlangoni, mabega tu. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Sitamdhihaki kwayo. Mtu anayesimama siku nzima ndani ya mvuke, masikioni mna ngurumo ya mashine tu, ana haki ya kusikia gitaa.

Shemeji, yule mdogo wa mkewe, alirudi kutoka zamu ya Jumamosi wakati muziki umenoga. Alikuwa binti mwembamba wa maneno machache. Wiki iliyotangulia joto lilimwangusha, akadondokea upande wa rola, na mwenzake alimvuta kwa aproni mkono ukiwa umeshagusa chuma. Kidonda kilikuwa bado kimefungwa bandeji.

"Shemeji! Kaa hapo katikati. Fumba macho."

Akakaa, akafumba macho. Akatabasamu hata yeye.

"Kama wako humu humu ndani," alisema.

"Si ndiyo!"

Akafumbua macho, akayaona mashuka ya hoteli yamekunjwa sakafuni. "Haya nimeyapiga pasi mimi. Spika za nani?"

Mjumbe akasimulia tena: kitasa, mpira uliopasuka, meneja kushika kichwa. Lakini safari hii hapakuwa na aliyecheka.

"Si tulisema mjumbe hanywi chai ya ofisini?" Shemeji aliuliza.

Ilikuwa sheria yao wenyewe. Waliitunga baada ya mjumbe wa zamani kupelekewa friji nyumbani kwake, na tangu siku hiyo akawa kila akitoka ofisini anasema meneja naye ni binadamu. Tangu hapo mjumbe wa kiwanda kile hanywi chai ya meneja, hapandi gari lake, hata maji ya glasi hapokei. Na huyu wetu aliishika sheria hiyo kuliko yeyote.

"Chai ni ya bure, shemeji. Hizi nimelipa."

"Umelipa ngapi?"

Akamtajia, kwa fahari.

"Hiyo bei ya viatu vya shule."

"Ndiyo nakwambia, nimemkaba!"

"Umemkaba nani, shemeji? Meneja huyu huyu? Aliyemkata mtu mshahara kwa foronya moja iliyoungua?"

Mjumbe aliinama kurekebisha waya uliokuwa sawa.

"Na Jumatatu mnaingia kwake," Shemeji aliendelea polepole, bila ukali, "kuzungumza mapumziko yetu."

Alichofanya Mjumbe ni kunyoosha mkono na kuongeza sauti.

* * *

Jumapili watu walikuja kuona na kusikiliza. Aliwakalisha mmoja mmoja kwenye kiti cha katikati. Lakini ile hadithi ya kumkaba meneja ilianza kupungua. Kwanza kitasa kilitoka. Kisha meneja hakushika tena kichwa. Jirani fundi viatu alipouliza bei, Mjumbe akataja mara mbili ya aliyoilipa. Aliyemfuata akatajiwa kubwa zaidi.

Mkewe aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani. Mashine ikanyamaza.

"Baba," aliita kutoka kwenye ujia. "Jana ulisema bei nyingine."

"Umesikia vibaya."

"Nimesikia vibaya," mkewe alisema, akaendelea kushona.

* * *

Wajumbe walioingia ofisini Jumatatu walikuwa wawili: yeye na Mama Mikunjo, mwanamke mzee wa upande wa kukunja, aliyeanza kazi pale kabla meneja hajaota ndevu. Jambo lilikuwa moja. Mahoteli yameongeza mzigo, na meneja anataka mapumziko ya asubuhi yafutwe. Chumba cha pasi hakina dirisha. Bila mapumziko yale watu wataanguka, na Mungu hatawaangusha kila mara mbali na rola.

Meneja aliinuka kuwapokea. Kijana mnene, mpole, mwenye sauti ya daktari.

"Karibuni. Mama, shikamoo. Bwana Mjumbe! Vipi muziki?"

Mjumbe akajifanya anatafuta kiti.

"Unalia vizuri? Mke wangu bado ananilaumu. Mama, huyu mwenzako ni hatari! Kanikaba mpaka nimemwachia kwa bei ya kutupa. Mimi na yeye hatubishani tena." Akagonga kengele ya meza. "Chai?"

"Hatunywi," alisema Mama Mikunjo.

"A, nimesahau. Chai hamnywi." Akatabasamu kumwelekea Mjumbe. "Muziki tu."

Siku nyingine Mjumbe angekuwa ameshaanza. Alikuwa na maneno yake yamepangwa tangu Ijumaa: kidonda cha binti, mtu aliyeanguka mwaka jana, chumba kisicho na dirisha, na swali moja alilolipenda, kama meneja mwenyewe angeweza kusimama mle ndani asubuhi moja tu na tai yake. Akayatafuta. Yalikuwepo yote, lakini kila alipotaka kutoa neno alikisikia kinywa chake mwenyewe kikiwasimulia majirani, chukua, chukua, usinimalize.

"Sikilizeni," meneja alisema. "Mimi si mtu wa kukaza. Nyinyi mnataka mapumziko mazima, mimi sitaki kabisa. Tukutane katikati, nusu. Kama tulivyofanya juzi, Bwana Mjumbe, mimi na wewe. Tulibishana, tukapeana mkono, yakaisha. Si ndivyo wanavyofanya waungwana?"

Mama Mikunjo alikuwa anamtazama Mjumbe, anangoja.

"Tutafikiria," alisema Mjumbe.

Nje, kwenye baraza, mama yule alimgeukia.

"Tutafikiria ni nani?"

"Mama, nilitaka kwanza..."

"Nimekaa na wewe mle ndani mara ngapi? Hujawahi kufikiria. Leo umefikiria." Akafunga kitambaa chake cha kichwa, akaenda zake mezani kwake kukunja.

* * *

Saa ya kula walikusanyika nyuma ya matangi ya maji kusikia habari. Mjumbe alisimama mahali pake pa siku zote, juu ya jiwe. Akaanza kueleza, meneja kasema hivi, nasi tukasema vile, jambo bado lina mjadala.

"Ongeza sauti, Mjumbe!" mtu akapaza kutoka nyuma. "Huku hatukusikii!"

"Besi imekuwa ndogo!" akadakia mwingine.

Kicheko kikapasuka. Kilianza nyuma kikaja mpaka mbele, na watu aliowapigania glavu walishikana mabega kwa kucheka. Dereva wa mashuka alikuwa ameshasema alichobeba na alikokipeleka. Mjumbe naye akajaribu kucheka, kama mtu aliyetaniwa, lakini uso ulimgomea. Katikati ya umati alimwona Shemeji. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama chini, anavuta uzi wa bandeji yake, kama mtoto ambaye babake amelewa mbele ya wenzake.

* * *

Alipofika nyumbani jioni alimkuta Shemeji anafunga godoro kwa kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Mama Mikunjo. Ana nafasi."

"Kwa sababu ya chumba? Nitazisogeza, shemeji, naweza kuziegemeza ukutani..."

"Si chumba." Alikaza fundo. "Wananiuliza, shemejio jana kawapigia muziki gani. Nikisema sijui naonekana mwongo. Nikisema nilikaa kwenye kile kiti nikafurahi, ndiyo kweli. Nilifurahi. Sasa niseme nini?"

Aliinua godoro kichwani kwa mkono mzima, akatoka. Mkewe hakumzuia. Alibaki amekaa kwenye ujia, mguu juu ya kanyagio, bila kushona.

"Na wewe sema," Mjumbe alimwambia. "Nitukane."

"Nikutukanie nini? Nashonea njiani, watu wananiruka kama kizingiti, nikasema mwache. Tangu unioe sijakuona umefurahi namna ile. Nikasema mwache, baba wa watu, naye apate chake." Akafuta jicho kwa utepe wa kupimia. "Kumbe na meneja aliliona hilo hilo nililoliona mimi. Hilo ndilo linaniuma. Kwamba alijua cha kukupa."

* * *

Jumanne asubuhi alikodi mkokoteni. Watu waliozoea kumwamkia barabarani walimwona akizisukuma spika mbili kwenda kiwandani na shati limelowa, na hakuna aliyemuuliza. Alimngoja meneja getini.

"Nimezirudisha."

"Zina shida gani?" meneja aliuliza, akiwa bado garini, kioo nusu.

"Hazina shida. Nirudishie hela yangu."

"Mimi si duka, bwana."

"Basi nikuongezee. Taja bei yake ya kweli, nitalipa kidogo kidogo."

"Bei yake ya kweli ni ile tuliyokubaliana." Meneja alikuwa mpole kabisa. "Ulinishinda. Mtu akishinda anarudisha? Nenda kazini, utachelewa."

Kioo kikapanda. Mjumbe akauacha mkokoteni pale pale kando ya baiskeli, spika zikitazama njia, na kila aliyeingia zamu ile alizipita.

Ndani ya chumba cha pasi rola ilikuwa imeshapata moto. Msimamizi alipanda kwenye kijukwaa, akapiga makofi.

"Sikilizeni! Kuanzia leo mapumziko ya asubuhi ni nusu. Meneja na Mjumbe wamekubaliana."

Vichwa vikageuka, wanawake wa rola na wanaume wa vikapu. Mjumbe alikuwa kwenye nafasi yake, kando ya swichi kubwa ya ukutani, na mvuke ulikuwa unampita usoni. Angeweza kusema si kweli. Kwa maneno matupu haikuwa kweli. Alisema tutafikiria, hakusema ndiyo.

"Nimezinunua kwa bei ya viatu vya shule," alisema.

"Nini?" msimamizi aliuliza.

"Spika. Bei ya viatu vya shule, jozi moja. Jumapili niliwadanganya majirani nikataja kubwa. Mimi nilidhani nimemkaba." Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Jana ofisini nilikuwa na ya kusema, nikashindwa. Nilimwonea haya meneja. Yeye, si nyinyi. Nikaona kama ninamdai mtu aliyenitendea wema. Sifai kuingia tena mle. Tafuteni mwingine."

Mama Mikunjo alikuwa amekuja mpaka mlangoni, na shuka mkononi limekunjwa nusu.

"Unataka tukuambie pole?"

"Hapana."

"Basi vizuri. Maana hatuna." Akageuka. "Binti. Wewe mwenye mkono wa bandeji. Utaingia na mimi ofisini?"

Shemeji alitazama rola, akatazama saa ya ukutani, akatazama kila uso isipokuwa wa shemejiye.

"Siingii ofisini," alisema. "Kule kuna viti vizuri. Aje yeye huku."

Walifanya kazi. Mashuka yaliingia, mashuka yalitoka. Ilipofika saa ya mapumziko wakaacha, wakakaa kwenye benchi refu la ukutani na kwenye vikapu vilivyopinduliwa, wanajipepea; Mjumbe peke yake alibaki kando ya swichi. Nusu ilipotimia msimamizi akapuliza filimbi. Hakuna aliyeinuka. Akapuliza tena. Rola ilikuwa inazunguka tupu, inanguruma.

"Shemeji," alisema yule binti. Ndiyo mara ya kwanza siku ile kumwita. "Zima mashine."

Swichi ile haikuwa ya kuguswa na mtu ila kwa amri ya msimamizi. Mjumbe aliishika kwa mikono miwili, akaivuta chini. Ngurumo ikashuka, ikashuka, ikafa, na chumba kikawa na kimya ambacho wengine hawajawahi kukisikia tangu waajiriwe.

Meneja alifika mbio, tai imepinda begani.

"Nani amezima?"

"Mimi."

Meneja akamtazama. Hakufoka. Laiti angefoka. Alimtazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake.

"Wewe?" alisema, mbele ya wote. "Wewe si mtu wangu?"

Hapo ndipo Mjumbe angeweza kukana, na wapo kwenye benchi waliokuwa wanaomba akane, ili nao wapate kumwamini kidogo. Alilowa jasho. Aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa," alisema. "Tangu Jumamosi."

"Washa mashine tuyamalize kiume."

"Mkubwa," Shemeji aliita kutoka kwenye benchi, mkono wa bandeji juu ya goti, "wa kusema naye ni mimi. Na sasa hivi niko mapumzikoni. Karibu usimame ungoje."

Meneja alisimama. Tai ikaanza kuloa. Dakika zilipita moja moja, mvuke ukamfunika miwani, na hakuna aliyemletea kiti.

Mjumbe naye alikuwa amesimama, mikono bado iko kwenye swichi. Miguu ilimwuma kwa ule mkokoteni wa asubuhi. Kwenye benchi, kati ya Shemeji na Mama Mikunjo, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Waliiona, naye aliiona. Hakuna aliyemwita, wala yeye hakuthubutu kwenda. Alibaki pale ukutani mpaka mapumziko yao yakaisha, yote, bila kupungua.